Kiwanja cha Ndege Kilichomezwa na Miyombo: Vita vya Nzige Wekundu katika Bonde la Malagarasi

Wazee wetu, shikamooni. Walimu, maofisa kilimo na wanafunzi mliofika hapa Kigoma mchana huu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimeombwa kuzungumzia viwanja vya ndege vya porini vilivyoachwa, nami nitashika aina moja tu: vile vilivyofyekwa kwa ajili ya kupambana na nzige wekundu pembezoni mwa mbuga za Malagarasi.

Anayefika leo kwenye kiwanja cha namna hiyo hakioni mara moja. Anapita katika msitu wa miyombo, kisha anajikuta kati ya miti michanga ya rika moja, iliyosimama katika mkanda ulionyooka mno kuwa kazi ya msitu peke yake. Pembeni, chini ya nyasi, yapo mawe yaliyopakwa chokaa ili rubani aone mpaka akiwa juu. Chokaa imebaki upande wa chini tu, usiopigwa na mvua. Katikati ya njia vimeota vichuguu virefu kuliko mtu.

Kwa nini watu walihangaika kung'oa visiki mahali pasipo na mji wala mgodi? Jibu limo katika mbuga yenyewe. Mazalia yanayotambuliwa ya nzige mwekundu barani ni machache, na hapa Tanzania ni bonde la Rukwa, mbuga za Iku na Katavi, mbuga za Wembere, na bonde letu hili. Yote ni tambarare zinazofurika wakati wa mvua na kuungua moto kiangazi. Jike hutaga ardhini katika msimu wa mvua, tunutu, yaani nzige wachanga wasio na mabawa, huanguliwa na kukulia ndani ya majani marefu, na kufikia mwisho wa masika wameota mabawa. Baada ya hapo hukaa kiangazi kizima bila kupevuka, wakingoja mvua nyingine. Miezi hiyo ya ukavu ndiyo nafasi ya binadamu, kwa kuwa makundi yanaweza kutafutwa na kupigwa dawa yakiwa bado mbugani, kabla hayajaingia mashambani.

Nafasi hiyo iliwahi kupotea. Wimbi lililoanza takriban mwaka 1930 liliendelea hadi katikati ya miaka ya 1940, likaenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa ikweta, na Rukwa ilikuwa mojawapo ya machimbuko yake. Ndipo ikaundwa, mwaka 1949, huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, yenye makao Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi yake ilirithiwa na shirika lenye makao Ndola, pia nchini Zambia, ambalo Tanzania ni mwanachama.

Sasa tazameni jiografia yetu. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inakatiza bonde hili, lakini ukishuka kituoni mbele yako kuna vinamasi na mafunjo. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ya kwanza nchini kuingizwa, mwaka 2000, katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, ina zaidi ya kilomita za mraba 32,000. Mtu mwenye bomba la dawa mgongoni hawezi kuimaliza. Ndege inaweza, mradi iwe na mahali pa karibu pa kutua, kujaza na kuruka tena kabla jua halijawa kali na joto halijaanza kupeperusha dawa juu badala ya kuiacha ishuke. Kiwanja kikawekwa ukingoni, kwenye ardhi ya miyombo iliyoinuka, kwa sababu udongo mweusi wa mbugani hunasa magurudumu mara mvua inaponyesha.

Kiwanja cha udongo hakijengwi kikaisha. Kila baada ya masika nyasi zifyekwe, vichuguu vibomolewe, na machipukizi yakatwe, maana myombo uliokatwa huchipua tena kutoka kwenye kisiki. Kazi hiyo ya panga na jembe naiona kuwa ndiyo historia yenyewe ya mahali hapa, zaidi ya safari za marubani.

Mwaka 2009 nzige walikusanyika tena Iku na Katavi, Rukwa na hapa Malagarasi. Kampeni iliyoungwa mkono na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilinyunyiza takriban hekta 10,000, na kwa mara ya kwanza ikatumia kwa kiwango kikubwa dawa ya kibayolojia, yaani kuvu wa aina ya Metarhizium anayemwotea nzige mwilini hadi afe. Kwa bonde linalolisha wavuvi wengi kiasi hiki, nimefurahi mno kwamba ipo njia ya kuepuka kumwaga sumu ya kemikali juu ya maji. Lakini kuvu huua polepole, pengine kwa wiki mbili au tatu. Hivyo anayemtumia lazima awahi zaidi ya aliyetumia sumu, na kuwahi kunahitaji mahali pa kutua.

Siombi kila kiwanja kifyekwe upya. Vilivyo ndani ya hifadhi viachiwe miyombo, na vichaguliwe vichache vya nje. Wanafunzi, wazee waliokuwa wakifyeka bado wapo vijijini, nao wanajua maji yalipita wapi na ndege zilitokea upande gani. Nendeni na simu zenye ramani, pimeni urefu na mteremko, andikeni viwianishi, na orodha hiyo ifike kwa ofisa kilimo wa wilaya na kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla ya kiangazi kijacho.