Kurudi kwenye sauti nzito: maneno niliyowaambia vijana wa muziki, Langoni, Lamu

Asalaam aleikum. Nitakaa, magoti hayanipi ruhusa ya kusimama. Na kiti hiki kina mguu mfupi, nikiyumba msinicheke.

Mmeniita nizungumze juu ya roki kwa sababu bendi yenu yataka kurudi kwenye uzito. Nimekuja na vitu viwili: Death Magnetic, albamu ya bendi ya Metallica wa Marekani ya Septemba 2008, na chapuo hili, ngoma ndogo ya marehemu mjomba wangu, aliyekuwa akilipiga kwenye kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo.

Metallica walijipatia jina miaka ya 1980 kwa nyimbo ndefu za kasi, magitaa yakikereza kama msumeno. Mwaka 1991 wakapunguza mwendo, wakauza mamilioni. Kufika 1996 walikuwa wamelainika zaidi, hata nywele wamekata, na mashabiki wa zamani wamenuna. Basi 2003 wakatoa St. Anger, kuonyesha kwamba meno bado wanayo. Nyuzi za magitaa wakazilegeza mno. Solo, pale gitaa linapotamba peke yake, wakaifuta albamu nzima. Mpiga dramu, Lars Ulrich, akaziachia zile nyaya nyembamba zinazokaa chini ya snea, ile dramu yake ya mlio mkali, ukabaki mlio wa debe. Na debe nyinyi mwalijua, lipi haliachi kuvuma.

Kwa albamu iliyofuata, hii Death Magnetic, wakamwacha Bob Rock, prodyuza wao tangu enzi ya ile ya 1991, wakamchukua Rick Rubin. Huyu ndiye aliyesimamia Reign in Blood, albamu ya Slayer, bendi nyingine ya kasi ya Marekani, 1986. Akawataka wajirudishe kwenye fikra za Master of Puppets, albamu yao ya mwaka huohuo. Solo za mpiga gitaa wao, Kirk Hammett, zikarudi, na wimbo usio na maneno nao ukarudi. Nyimbo 10, karibu dakika 75.

Na nyuzi je? Naona mwatikisa vichwa: walizilegeza zaidi. La! Walizikaza. Karibu nyimbo zote zilirudi kwenye tyuni ya kawaida ya gitaa, uzi mnene ukilia noti ya E.

Wewe mwenye kofia, njoo upige hapa. Bu. Ngozi imelala, hewa ya bahari imeiingia. Sasa nipeni hicho chetezo. Kilikuja kwa ajili ya udi, leo kina kazi mbili. Lizungushe juu ya makaa, usilisogeze sana, ngozi ya mbuzi huungua. Bado... bado kidogo. Haya, piga. Ta! Hiyo imenifika kifuani.

Ngozi iliyolegea huendelea kunung'unika baada ya mkono kuondoka, pigo la pili likaja likakuta la kwanza bado limekaa njiani. Iliyokazwa husema neno lake ikanyamaza. Ukipiga upesi, uzito wote umo katika kile kimya kidogo. Ukipiga polepole ni hesabu nyingine: Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath ya Uingereza, aliyekatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani Birmingham, alilegeza nyuzi, na mwaka 1971 akatoa sauti nzito kuliko wote. Lakini yeye hakuwa na haraka. Nyinyi mna haraka.

Sasa aibu ya albamu yenyewe. Tazameni simu hii, hii ndiyo picha ya sauti. Mawimbi yamenyolewa vichwa, yote kimo kimoja kama ukuta wa matumbawe uliopigwa chokaa. Sauti ilisukumwa juu mpaka pigo la dramu likakosa pa kuinukia, ikawa inakwaruza. Mashabiki waligundua kwamba nyimbo hizohizo ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na nafasi zaidi, zikapumua. Maelfu wakatia sahihi kuomba albamu ichanganywe upya. Ngoma ivumayo haidumu, wazee walisema, nao spika hawakuijua.

Mimi niliijua, na bado niliunguza mbili, harusini, kwa kutaka mtaa wa pili wasikie. Bwana harusi hakunisemesha mwaka mzima.

Kwa hiyo jana nilipopita mazoezini kwenu, nikaona kila kitufe cha sauti cha mixa kimefika ukutani, nilirudi nyumbani bila kubisha hodi. Leo tutavishusha vyote hadi nusu, mkaze nyuzi, mpige ule wimbo wenu wa kwanza. Wewe wa kofia, pasha chapuo tena, limeshaanza kupoa.