Kupe hakuwemo chumbani

Wanaonijua wameshaanza kutabasamu. Wanajua naanza na yule daktari wa Japani. Nitaanza naye kila mwaka, mpaka nione miwani ya kinga kwenye kila toroli la wodini.

Ni Aprili 2023. Mzee wa miaka zaidi ya 90 amefariki kwa homa ya kupe iitwayo SFTS, ile iliyogunduliwa China. Daktari kijana, hata 30 hajafika, anamhudumia marehemu. Anachomoa mpira wa kusafishia damu. Tundu linavuja. Anabana, linavuja tu. Ugonjwa huu huzimaliza chembe za kugandisha damu. Basi anashika uzi, anashona. Sindano haikumchoma. Glavu anazo, gauni analo, barakoa ipo. Macho je? Wazi! Siku ya 9 tangu mzee afe, kijana ana homa ya nyuzi 38, kichwa kinamgonga, viungo vinauma, anaharisha. Virusi vyake vikapimwa na kulinganishwa na vya mzee: ni vilevile. Machi 2024 Japani ikatangaza kwamba mtu amemwambukiza mtu, mara ya kwanza kuthibitishwa nchini kwao. Kijana alipona, msiniharibie hadithi kwa kumzika.

Sasa nasikia mtu moyoni mwake: "Ya Japani yanatuhusu nini?" Dada yangu, ile homa ya Crimea-Kongo unadhani neno Kongo limewekwa kwa urembo? Kirusi chake kilipatikana Kongo mwaka 1956, na Uganda imekuwa ikitangaza wagonjwa tangu 2013. Kupe mwingine, kirusi kingine, lakini njia ni ileile: damu. Rawalpindi, Pakistan, 1976: mgonjwa wa homa hiyo akapasuliwa tumbo, wakidhani shida iko tumboni. Aliyempasua akafa.

"Lakini wodini hakuna kupe." Haswa! Kupe kabaki malishoni. Ninyi wahudumu wa wodini mnamuuliza mgonjwa kama aliumwa na kupe, akisema hapana, mnapumua, mnavua glavu. Wangapi humwona kupe anapowauma?

Nilitaka niseme juu ya paka, maana huko Japani paka mgonjwa humwambukiza anayemfuga na hata daktari wa wanyama. Na machinjio. Na waosha maiti, hao ndio nilipaswa kuanza nao. Mwenyekiti ananionyesha saa, haya.

Swali moja kwa matroni kabla sijashuka: usiku, ufunguo wa kabati la miwani anao nani?