Kesi ya ulevi barabarani isiishie kwa faini tu

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Naona vijana wa boda na tuktuk mmejaa, na kina mama pia, ahsanteni sana kwa kuja, mimi naingia moja kwa moja maana jua la Malindi mnalijua.

Mtu akishikwa anaendesha amelewa familia nzima inakimbizana na dhamana na wakili, na naelewa hiyo presha, kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki si mchezo, faini inafika hadi shilingi 500,000 au jela hadi miaka 10 au vyote viwili. Lakini kijana akilipiwa faini Ijumaa na Jumamosi yuko mangweni tena anakunywa, pesa zenu zimesaidia nini? Tiba itafutwe mapema, hukumu isiwakute hamjaanza.

Hakimu anaweza kuagiza ripoti ya probesheni, yaani kukaa nje chini ya uangalizi badala ya jela, kabla ya kuhukumu. Afisa anakuja hadi nyumbani, anakaa na mama, anauliza majirani, anamuuliza mzee wa mtaa, huyu kijana anakunywa vipi, kazini anaenda? Na hapo ndipo watu wengi wanamficha mtoto wao, eti hanywi, ilikuwa siku moja tu. Jamani semeni ukweli, na kama ashaanza kliniki mtoleeni afisa ile kadi aione. Probesheni ni miezi 6 hadi miaka 3, inakuja na masharti, na tiba inaweza kuwa mojawapo, sasa afadhali mpeleke mpango wenu kuliko kungoja korti iwapangie.

Halafu tiba si moja. Mtu wa mnazi au chang'aa ya kila siku msimfungie chumbani eti aache ghafla, anaweza kutetemeka akapata kifafa na akafa kweli, apelekwe hospitali kwanza. Wa unga, yaani heroini, ana habari yake, arosto, yale maumivu ya kuikosa, inamtesa lakini methadoni ya kuituliza ipo hapa hapa Malindi hospitali ya serikali, dawa ya maji, unainywa mbele ya nesi kila siku na unaongea kidogo ajue umemeza. Ila dereva sikia, zile wiki za mwanzo dozi haijakaa sawa, inaleta usingizi, usiguse usukani mpaka daktari akuruhusu. Na nyinyi wa usiku mnaotafuna muguka, yale majani ya miraa, juu ya pombe, macho yako wazi ndio lakini pombe bado iko kwenye damu, mkono mzito vile vile, kahawa na kuoga havisaidii.

Rihabu, yaani kituo cha tiba ya uraibu, ikiwa ya kulipia msitoe hata shilingi kabla hamjaulizia kibali cha NACADA, ile mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na mihadarati. Ingieni ndani muone wanapolala, muulize usiku nesi yuko, na mkiona minyororo au mnaambiwa marufuku kumtembelea mgonjwa, tokeni hapo hapo. Msiojua pa kuanzia pigeni 1192, ni laini ya NACADA na ni bure.

Kuna hili la leseni pia, ikifungiwa, halafu kliniki ni ya kila asubuhi na mtu anaishi mbali, nani atampeleka? Kaeni mlipange leo kwa majina, kaka Jumatatu, shemeji Jumanne, maana wengi wanaacha dawa kwa kukosa nauli tu. Haya, mama wa buibui pale nyuma ulinyoosha mkono zamani, karibu uulize.