Zilipendwa na Nani?

Shikamooni wazee wangu. Vijana, mambo? Nawashukuru wenyeji wangu wa Morogoro kwa kunialika, na zaidi kwa kuniweka kabla ya pilau, maana baada ya pilau hasikilizwi mtu.

Nimeombwa nizungumzie kama kuna ubaya wowote kupenda muziki unaopendwa na kila mtu. Naanza na fedheha yangu mwenyewe.

Nimefundisha sekondari miaka mingi, na ofisini kwetu nilijulikana kuwa mtu wa taarab asilia. Ukinitajia Bongo Fleva nilikuwa nabinua midomo, hivi. (Vicheko.) Siku moja saa nne, muda wa chai, nimechomeka vidude vyangu masikioni, nabonyeza simu, nashangaa mbona kimya. Kumbe simu imejiunganisha na spika ya ofisi. Ukalipuka wimbo wa mapenzi, ule uliokuwa unapigwa kila saluni na kila kijiwe cha bodaboda mwezi ule. Tena haukuanza mwanzo. Ulianzia katikati ya kiitikio, pale pale nilipouachia njiani asubuhi. Mama anayetuletea chai akaweka birika chini, akaudaka ubeti wa pili wote, hakukosa neno. Walimu wanapiga makofi, mimi natafuta pa kuzimia.

Nimejiuliza sana tangu siku ile: niliona aibu ya nini? Wimbo nilikuwa naupenda, nausikiliza kila asubuhi. Niliona aibu kukutwa kundi moja na saluni na kijiwe. Masikio yalikuwa mazima. Kilichoumwa ni cheo.

Sasa wazee, msicheke sana, nakuja kwenu. Tuna neno letu la nyimbo za zamani, zilipendwa. Mkilitamka mnanyoosha mgongo kabisa. Lakini hebu lichambueni kama tulivyofundishwa darasani: zi-li-pend-wa. Mwishoni pana kauli ya kutendwa, na mtendaji kafichwa. Zilipendwa na nani? Na kila mtu! Miaka ya sabini huku bara redio ilikuwa moja, Radio Tanzania. Ikipiga bendi ya Morogoro Jazz, mtaa mzima Morogoro Jazz. NUTA Jazz ilizaliwa mwaka 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Polisi wana bendi yao, JKT wana yao. Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro Jazz ambaye mji huu unajidai naye hadi leo, hakuwa msanii wa wateule wachache. Ndiye aliyekuwa anatamba. Alipofariki kwa ajali ya gari Kenya mwaka 1979, waliolia walikuwa umma. Kwa hiyo babu anayemwambia mjukuu wake anafuata mkumbo, yeye aliufuata mkumbo mkubwa zaidi, na hakuwa hata na stesheni ya pili ya kuhamia.

Na hiyo taarab asilia niliyojipambia? Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alitoka Fumba, shamba. Taarab ya majumba ya wakubwa ilikuwa ikiimbwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, watu wa Ng'ambo, upande wa wanyonge wa mji wa Unguja, wakaielewa. Mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Walikuwapo waliomcheka kwa ushamba wake na kaniki zake. Leo ukimtaja Siti barazani unaonekana msomi.

Lakini linalonichekesha zaidi ni singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Uswahilini Dar es Salaam. Mpwa wangu ni mtu wa mitambo, na mimi singeli nilikuwa naiita kelele za kigodoro. Akaniambia, "Mjomba, kaa hapa." Akachukua wimbo mmoja wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, akaupunguza kasi kidogo kidogo kwenye kompyuta. Ule mlio niliodhani ni king'ora ukaanza kulegea, ukawa na shingo, ukawa na kiuno, mpaka nikasikia kinanda cha taarab. Kipande kidogo tu, labda sekunde nne, kimekatwa na kuzungushwa. Mimi mtu wa taarab sikukitambua kwa sababu kilikuwa kinakimbia! Mwaka 2017 lebo moja ya Kampala ikatoa mkusanyo wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na vijana wa singeli wakawa wanaitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Kule, anayesikiliza singeli ni mjuzi wa vitu adimu. Uswahilini ni mtu aliyekosa usingizi kwa sababu ya jirani. Mdundo ni uleule.

Najua mtaniuliza habari za nyimbo zinazolipiwa ili zipigwe redioni. Zipo. Na zipo zinazofanana kama maandazi ya sufuria moja. Lile besi zito la amapiano la Afrika Kusini sasa limebandikwa kila wimbo kama bango la mganga kwenye nguzo ya umeme. Hilo linanikera, sifichi. Lakini anayelishwa nyimbo bila kuchagua simjui kwa kutazama wingi wa wenzake. Mimi kipimo changu ni kufua. Jumamosi nakaa na beseni, redio nimezima, naangalia ni wimbo gani utakuja wenyewe. Nyingi zilizonipigia kelele wiki nzima hazifiki kwenye beseni. Nyingine, ambazo nina hakika zimelipiwa, zinafika, na hapo ninasalimu amri, naendelea kufikicha kola.

Ule wa ofisini bado unafika. Mama wa chai siku hizi akiingia ananiuliza, "Mwalimu, leo tunaanzia kiitikio?"

Kijana wa mitambo, uko wapi? Simu yangu hii hapa. Safari hii iunganishe kwa makusudi, na uanzie mwanzo.