Saa Moja Asubuhi, Jua Hakuna: Darasa la Kwanza Minnesota Wakati wa Theluji

Shikamooni wakubwa wangu, wadogo zangu mambo vipi. Mnanisikia vizuri? Huo mngurumo ni wa injini, mnisamehe, gari siwezi kuzima. Nikizima, dakika kumi tu humu ndani panakuwa friji. Nje ni nyuzi hasi 22 za selsiasi, na wenyeji wanaiita asubuhi ya kawaida ya Februari. Niko kwenye maegesho ya shule, zamu yangu inaanza muda si mrefu, kwa hiyo leo nitaongea kama mpiga debe wa stendi ya Muheza.

Sababu ya video hii ni shangazi yangu. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hao watoto na baridi hiyo wanasoma kweli? Au mnawafunika blanketi mpaka Aprili?" Nikacheka peke yangu kama chizi. Halafu nikasema, ngoja niwaambie wote, maana mimi mwenyewe nilipofika hapa nilikuwa na mawazo hayohayo.

Kwa wageni wa chaneli hii: mimi ni msaidizi wa mwalimu darasa la kwanza, hapa Minnesota, Marekani, huu ni mwaka wangu wa tatu. Tuna watoto 22, wa miaka sita na saba. Wako wenye wazazi kutoka Somalia, Kenya, Meksiko, wako Wahmong, watu wenye asili ya Asia ya kusini-mashariki, wako ambao babu wa babu zao walizaliwa hapahapa. Sura zao hamtaziona, watoto wa watu hawapigwi picha ovyo. Nitasimulia tu.

Sasa, somo kubwa la majira haya haliko kwenye kitabu chochote. Ni kuvaa nguo. Msicheke! Mapumziko ya kucheza nje ni dakika 25, na siku za kwanza za theluji kuvaa peke yake kunakula dakika 15. Suruali nzito ya theluji kwanza. Kisha buti. Kisha koti. Kisha kofia. Glavu mwisho kabisa. Ukianza na glavu umeumia, kwa sababu zipu ya koti utaifungaje na vidole vimefungwa kwenye mfuko? Na kila siku yuko mmoja anayeanza na glavu. Kila siku. Halafu anakuja kwangu ameinua mikono kama anasalimisha silaha.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawavalisha. Mtu wa Tanga mimi, mtoto akihangaika na kifungo unamsaidia, yamekwisha. Mwalimu akanivuta pembeni, kwa upole, akaniambia: ukimfungia leo, utamfungia mpaka Aprili. Nikaona huyu mama ana roho ya jiwe. Mtoto analia, zipu imekwama, yeye amekaa kwenye kiti kidogo anamwambia, "Jaribu tena, shika chini kwanza." Kumbe kuna mbinu. Koti unalitandaza sakafuni, kofia yake iwe upande wa miguu yako, unainama, unaingiza mikono kwenye mikono ya koti, halafu unalirusha juu ya kichwa. Hop! Limevaliwa. Mtoto wa miaka sita anafanya hivyo kwa sekunde tatu. Mimi nilijaribu jikoni kwangu nikaangusha sufuria.

Na koti lenyewe, acheni niwaambie, nililokuja nalo lilikuwa la mtumba, nililinunua Karume, Dar es Salaam, muuzaji ananiapia kwamba hili ni la baridi kali. Nilipofika hapa nikaona lebo ndani. Lilitoka hukuhuku! Limesafiri mpaka Karume, likarudi kwao na mimi ndani yake.

Haya, turudi darasani. Mkiniuliza masomo yenyewe ya baridi, nitaanza na lile la mafuta, nalipenda kuliko yote. Unachukua ndoo ya maji yenye barafu. Mtoto anaingiza mkono mtupu, anahesabu: moja, mbili, tatu, ametoa anapiga kelele. Halafu mwalimu anachukua mfuko wa plastiki, anaujaza mafuta ya kupikia yaliyoganda, yale meupe kama Kimbo, anaweka mfuko mwingine ndani yake ili mkono usichafuke. Mtoto anaingiza tena mkono ndani ya lile koti la mafuta, anauzamisha kwenye ndoo. Anahesabu mpaka thelathini, arobaini, anatuangalia tu. Hakuna aliyehubiri chochote kuhusu nyangumi na dubu wa ncha ya kaskazini. Mkono wenyewe umeshajua kwa nini wale wana mafuta mazito chini ya ngozi. Sisi tulifundishwa wanyama kwa kuimba majina yao. Simlaumu mwalimu wangu, tulikuwa watoto mia na ndoo moja ya kumwagilia maua.

Halafu chura. Kuna chura wa msituni hapa, mdogo, wa kahawia. Wanyama wengine wakati wa baridi wanahama, wengine wanalala kwenye mashimo. Huyu anajificha chini ya majani makavu, halafu anaganda. Anaganda kweli, ukimshika ni mgumu kama jiwe. Moyo umesimama, hapumui. Ini lake limeshamwaga sukari nyingi mwilini, na sukari hiyo ndiyo inayozuia barafu isiharibu viungo vyake kwa ndani. Joto likirudi, anayeyuka, moyo unaanza kudunda, anaruka zake kutafuta mke.

Mwalimu akauliza, "Huyu wakati ameganda, amekufa au hajafa?" Darasa likagawanyika kama bunge. Wengine: amekufa, moyo umesimama. Wengine: hajafa, kwa sababu atarudi. Mtoto mmoja wa Kisomali, mkimya sana, hasemi hata siku tatu, akanyoosha mkono: "Ni kama simu imezimwa. Haijaharibika." Mwalimu akaliandika ubaoni vilevile alivyosema.

Siku theluji inapoanguka taratibu, tunatoka na karatasi nyeusi. Karatasi zinakaa nje kwanza zipoe, maana zikiwa na joto la ndani theluji ikigusa tu imeyeyuka. Watoto wanakinga chembe wanaziangalia kwa lenzi. Pembe sita. Daima sita, ndivyo maji yanavyoshikana yakiganda. Mkulima mmoja wa Vermont, Wilson Bentley, alifunga kamera kwenye hadubini, na tarehe 15 Januari 1885 akapata picha ya chembe moja. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka 1931, akiwa na picha zaidi ya 5,000. Majirani walimwona ana wazimu. Watoto wakirudi ndani wanakata theluji zao za karatasi, na ole wako ukunje vibaya ukatoa pembe nane. Mimi nilitoa nane. Nilirekebishwa na binti wa miaka sita, bila shikamoo wala nini.

Kusoma nako, ee Mungu wangu. Sisi ni ba, be, bi, bo, bu, ukishamaliza silabi umemaliza, unaweza kusoma gazeti lolote hata kama hulielewi. Hawa wenzetu kila herufi ina tabia mbili. Wamejifunza neno "snow", theluji. Ukiondoa ile "s" ya mbele linabaki "now", na sauti imebadilika yote! Herufi zilezile, hakuna iliyoguswa. Mtoto akauliza kwa nini. Mwalimu akasema "ow" ina sauti mbili, hii ni moja na ile ni nyingine, endelea. Jimbo lilipitisha sheria mwaka 2023 kwamba kusoma kufundishwe kwa sauti za herufi, kwa utaratibu, siyo mtoto abahatishe kwa kuangalia picha. Naiunga mkono. Lakini nikirudi nyumbani nasoma Kiswahili kidogo kupumzisha kichwa.

Kwenye hesabu ndipo sisi tunawapiga. Tangu Septemba, kila siku ya shule mtoto mmoja anaweka mrija mmoja kwenye mfuko wa moja moja. Ikifika mirija kumi inafungwa rababendi, inahamia mfuko wa makumi. Wiki iliyopita tulifika siku ya 100, vifungu kumi vikafungwa pamoja, kelele mpaka mkuu wa shule akachungulia. Kila mtoto analeta vitu 100 kutoka nyumbani. Mwanangu yuko darasa la kwanza pia, shule nyingine, naye nikamhesabia karanga 100 vizuri kabisa, zikarudishwa. Karanga hazipandi ngazi ya shule ile, kuna watoto wenye mzio, zinaweza kuwaua. Tukabadilisha, maharage. Ila nilikuwa nasema hivi: mtoto wa hapa inabidi akariri kwamba "eleven" ni kumi na kitu kimoja, neno halimwambii. Sisi tunasema kumi na moja. Kumi, na moja! Mfuko wa makumi na mfuko wa moja moja vimo ndani ya neno. Sawa, ishirini na thelathini zinatuponza, hilo nakubali.

Mengine nayapitia mbio. Jumatatu ya tatu ya Januari ni sikukuu ya Martin Luther King, wanazungumzia haki, na watoto wa miaka sita wana maoni makali sana kuhusu haki, hasa kwenye foleni ya bembea. Tarehe 2 Februari kuna mnyama mnene kama pimbi kule Punxsutawney, Pennsylvania, anatolewa shimoni tangu mwaka 1887, akiona kivuli chake eti baridi ina wiki sita zaidi. Watoto walipiga kura ataona au hataona, wakachora grafu ya kura. Grafu ilikuwa nzuri. Huyo mnyama hana maana yoyote kwetu, Minnesota theluji ya Aprili ipo, kivuli kiwepo kisiwepo.

Lakini iliyonikalisha chini ni saa.

Darasa la kwanza wanajifunza kusoma saa ya mishale, saa kamili na nusu saa. Mwanangu karudi na saa yake ya karatasi, mishale imebanwa kwa pini. Ilikuwa Januari. Asubuhi namwamsha: "Amka baba, saa moja hii." Akaangalia ukutani, akaangalia karatasi yake. "Mama, hiyo ni saba." Nikamwambia mshale uko kwenye saba, ila sisi tunaita saa moja. Kwa nini? Nikavimba kichwa, nikamweleza: jua linachomoza saa kumi na mbili, likimaliza saa moja angani ndiyo saa moja. Mtoto akaenda dirishani, akavuta pazia. Giza totoro. Taa za barabarani zinawaka. Akanigeukia: "Jua liko wapi?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Hapa mwanzoni mwa Januari jua linatoka karibu saa mbili kasoro dakika kumi. Desemba linazama saa kumi na nusu na kidogo, watoto wanashuka kwenye basi la shule jioni limeshaanza kukuaga. Maisha yangu yote nilidhani saa yetu ndiyo ya kweli na hii ya Wazungu ndiyo ya kupanga tu. Kumbe saa yetu inahitaji jua lenye nidhamu. Tukampigia mama yangu, kwao ilikuwa saa kumi jioni. Mtoto hata salamu hakumaliza: "Bibi, huko jua lipo?" Bibi yake akamjibu, "Lipo mjukuu wangu, limenichoma tangu asubuhi, njoo nikugawie."

Nikamsimulia mwalimu ninayefanya naye kazi. Akasema, Ijumaa uwaeleze watoto. Mimi? Mbele ya darasa? Nikaenda dukani kununua chungwa, maana mtu wa Muheza atafundisha na nini kingine? Nikalichoma penseli katikati, nikaliinamisha, kama dunia ilivyoinama, nyuzi 23 na nusu. Nukta moja karibu na kiuno cha chungwa, Tanga. Nukta nyingine juu, Minnesota. Tukazima taa, mwalimu akashika tochi. Ukilizungusha taratibu, ile ya Tanga inakaa kwenye mwanga nusu, gizani nusu, kila mzunguko. Ya Minnesota inaingia kwenye mwanga kidogo, mara imetoka. Mchana wa Desemba hapa hautimizi hata masaa tisa.

Watoto kimya. Halafu mmoja: "Sasa kwenu baridi inakuja lini?" Nikasema mwezi wa saba, tunavaa sweta. Wakataka kujua nyuzi ngapi. Nikabadilisha kwa hesabu yao nikawaambia, karibu 70 za Farenhaiti. Walicheka mpaka yule mkimya wa simu iliyozimwa akalala sakafuni.

Chungwa tulilila. Lilikuwa halina ladha, lakini nani ataniamini hapa.

Haya, naona basi la kwanza limeingia. Mlango umefunguka, na kuna glavu imeshadondoka, moja, nyekundu, mwenyewe hana habari, anakimbia. Shangazi, nitakupigia jioni. Jioni yangu, siyo yako. Naenda kuiokota.