Kazi, Ruhusa na Siri ya Anayeishi na VVU

Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, maofisa utumishi, na ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie vikwazo vinavyomkabili mtu anayeishi na VVU anapotafuta kazi, na anapojitahidi kuilinda ile aliyokwisha kuipata. Niseme mapema ninakoelekea. Siku hizi kinachomwondoa mtu huyu kazini ni nadra kuwa udhaifu wa mwili. Kinachomwondoa ni ruhusa anayoiomba bila kuweza kutaja sababu yake, na siri ambayo akiitunza inamgharimu na akiitoa inamgharimu zaidi.

Kabla ya mwaka 2004, dawa za kufubaza makali ya virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali zetu za Tanzania, mwajiri aliyehofu kwamba mfanyakazi wake hatadumu alikuwa mkatili, lakini hofu yake haikuwa ya kubuni. Leo hoja hiyo haina msingi. Anayemeza dawa zake ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo anafanya kazi sawa na mwingine yeyote, wala hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana, sembuse anayeketi naye meza moja. Hata madhara ya dawa yamepungua. Efavirenz, mojawapo ya dawa za awali, ilimezwa usiku kwa sababu ya kizunguzungu na ndoto kali, jambo lililowasumbua walinzi wa zamu na madereva wa masafa marefu. Tembe ya sasa yenye dolutegravir humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula au bila chakula.

Hata hivyo, mlangoni pa ajira damu bado inaulizwa. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima na kumnyima kazi kwa sababu ya VVU pekee, lakini fomu ya uchunguzi wa afya hupita kimyakimya, na mwombaji huambiwa tu kwamba nafasi imejaa. Hapa ningependa tukae kidogo na kesi ya Hoffmann dhidi ya shirika la ndege la Afrika Kusini. Mwaka 1996 kijana huyo aliomba kazi ya kuhudumia abiria, akavuka hatua zote za usaili, akawa miongoni mwa 12 waliochaguliwa kati ya waombaji 173, kisha kipimo cha damu kikamtoa. Shirika lilidai kwamba huenda asiweze kuchanjwa homa ya manjano, kwamba abiria wangepoteza imani, na kwamba gharama za kumfundisha zingepotea bure. Mahakama ya Katiba, katika hukumu ya Septemba 2000, iliona kwamba ushahidi wa kitabibu haukuunga mkono kumtenga mtu wa hali yake, ikakataa chuki ya wateja isiwe kisingizio cha kibiashara, na ikaamuru aajiriwe. Agizo hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika hukumu ile, kwa sababu fidia ya fedha ingemwacha akiwa bado nje ya mlango.

Kwa ndugu zetu wanaokwenda Oman na nchi nyingine za Ghuba kufanya kazi za ndani, hukumu kama hiyo haiwafikii: kipimo cha VVU ni sharti la kibali, na majibu yakiwa chanya safari huishia hapo, au mtu hurudishwa kwao.

Sasa tuje kwenye kuilinda kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaitaja VVU waziwazi miongoni mwa sababu ambazo ni marufuku kumbagua mtu kwazo, na mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwapo. Ni sheria nzuri. Lakini aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufikisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kuufikisha maana yake ni kuitamka mbele ya watu hali ambayo pengine hata mkewe au mama yake mzazi hajawahi kuisikia. Wengi huandika barua ya kuacha kazi kwa hiari, na takwimu za ubaguzi hubaki safi.

Mara nyingi hata haifiki kwenye barua. Mtu anakwepa kituo cha tiba na matunzo kilicho jirani ili asionekane na jirani, anakwenda cha wilaya ya pili, na saa mbili za kliniki zinageuka siku nzima. Mwenye mkataba ataomba ruhusa, ataulizwa anaumwa nini kila mara, na kutoka hapo maneno huanza. Kibarua wa shambani au wa ujenzi haombi ruhusa yoyote. Nyapara anaita mwingine, na posho ya siku hiyo imekwenda. Tena kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, na vibarua wengi hawafiki huko.

Kwa hiyo ninyi wa matawi, mnapojadiliana na mwajiri mkataba wa hali bora, daini ruhusa ya kliniki yenye malipo kwa kila mfanyakazi, ambayo fomu yake haiulizi ni kliniki gani, awe ni mwenye kisukari, mwenye presha au mjamzito. Anayekwenda kuchukua dawa zake atapita katikati yao bila kutambulika, na ofisa utumishi hatakuwa na siri ya kuvujisha. Kibarua hatafikiwa na mkataba huo. Kwake yeye ni kliniki inayopaswa kubadilika: impe dawa za miezi sita kwa mkupuo mmoja pale afya yake inaporuhusu, na ifungue Jumamosi au alfajiri, kabla nyapara hajahesabu watu.