Zima Data Kwanza, Halafu Tuongee Kuhusu Gemu

(Mazungumzo na wazazi, Manyatta, Kisumu, Jumamosi alasiri)

Wazazi wenzangu, hamjambo. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mlioacha meza zenu kule sokoni Kibuye.

Nianze na aibu yangu. Mwaka jana kijana wangu alimaliza kredo yangu ya wiki nzima akinunua sarafu za gemu. Simu nilimpa mwenyewe, ili nipike kwa amani. Nilipomkaripia, mama yangu akaniuliza, "Na wewe umewahi kuicheza hiyo kitu?" Sikuwahi. Mimi ninayefundisha kompyuta! (Kicheko)

Nimeombwa orodha ya gemu nzuri. Sina, na hata ningekuwa nayo, ingechacha kabla shule hazijafungwa.

Wengi wetu tukikagua gemu tunatafuta damu. Ni sawa, na kwa hilo kuna msaada kwenye jalada. Ulaya wana alama za PEGI tangu 2003: 3, 7, 12, 16 na 18, yaani umri. Marekani wana ESRB tangu 1994, nao hutumia herufi: E ni ya wote, T ni ya miaka 13 na zaidi, M ni ya 17 na zaidi. Grand Theft Auto V, iliyotoka 2013, ina 18 kwa Wazungu wa Ulaya na M kwa Wamarekani. Lakini kwenye vibanda vya kuchezea gemu za PlayStation hapa mtaani nimeona watoto wasiofika kimo cha meza hii wakiendesha yale magari. Hapo sina mjadala. Mwenye kibanda ni jirani yako, mwendee.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo mimi niliponaswa. FIFA 23, ule mpira wanaoupenda vijana wetu, ilipewa 3. Tatu! Kwa sababu hakuna damu wala matusi. Lakini ndani yake kulikuwa na pakiti za wachezaji: unalipa kwanza, ndipo ufungue uone umepata nani. Unaota Mbappé, unapata kipa wa akiba usiyemjua. Wabelgiji mwaka 2018 walisema pakiti za namna hiyo ni kamari, na mwezi Januari 2019 kampuni ya gemu hiyo ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti hizo nchini humo. PEGI nao, tangu 2020, huandika kwamba ndani kuna vitu vya kubahatisha vya kulipia, lakini kwa maandishi madogo chini ya ile 3 kubwa. Sisi tunaolia kila siku juu ya kamari za vijana wetu tunampa mtoto wa miaka minane mazoezi yake, tena tunamshukuru Mungu kwamba ametulia.

Lakini mpira huohuo, ukichezwa kibandani watu wawili, sina neno nao. Mechi ina filimbi ya mwisho. Anayefungwa anainuka, mwingine anakaa, na makelele yanakwisha kwa utani. Ni kama ajua, ule mchezo wa bao, chini ya mti: mbegu zinahesabiwa, mchezo unaisha, mzee anakunja mkeka. Gemu nyingi za simu hazina mkeka wa kukunja. Ukitaka kutoka unaambiwa ngoja, kesho zawadi yako itapotea. Kwa hiyo mimi humtazama mtoto zaidi dakika kumi baada ya simu kuzimwa kuliko ninavyomtazama akicheza.

Gemu ya Minecraft itanipinga, maana haina filimbi ya mwisho. Ni matofali tu, unajenga na kubomoa. Lakini wangu akiizima huomba karatasi achore nyumba aliyoiacha nusu, na juzi aliniuliza kwa nini paa letu limeinama upande mmoja. Hiyo nimemwachia. Ila kucheza na watu asiowajua mtandaoni nimemkataza. Huko ni barabarani, na barabarani hatumwachi peke yake usiku.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, mama. Anauliza: kijana ana miaka saba, gemu iko kwenye simu yake mama, aifute?

Usiifute leo. Weka nywila kwenye manunuzi, hilo kabla hujalala. Kisha zima data umwambie acheze. Gemu ikikataa kufunguka, au ikifunguka lakini kila hatua ikadai intaneti, ujue ina shughuli nyingine na simu yako. Ikichezeka, kaa kando yake akufundishe. Utashindwa vibaya sana, nakuahidi. (Kicheko) Atakapokuwa anakueleza, sikiliza anachokieleza: ni njia aliyoifikiria, au ni vitu anavyotaka umnunulie?

Haya, yule baba wa shati la bluu, swali lako.